Ofa Mbili za Dadangu, na Hesabu Yangu Ndani Yake

Wacha nianze kwa kukiri. Mwezi uliopita niliweka kura kwenye stori zangu. Niliandika hivi: una ofa mbili za kazi, moja inalipa karibu mara tatu ya nyingine lakini iko mbali na ni hatari kidogo, hiyo nyingine iko hapa Nairobi, mshahara wa kawaida, lakini ina kesho. Unachukua gani? Mlipiga kura zaidi ya elfu mbili, na wengi wenu mkasema chukua pesa uende. Kuna msee aliandika, "Kesho gani na rent ni leo?" Nilicheka, nikampa moyo mwekundu.

Sikuwaambia hiyo haikuwa kura ya kupitisha wakati. Ilikuwa maisha ya dadangu. Yeye ni rubani, na hakuwa amenituma.

Aliiona kabla hata sijalala. Mimi hulala sebuleni, yeye na mathe wanagawana chumba. Alitoka na simu mkononi, akasimama hapo kwa mlango na leso yake, akaniuliza polepole, "Umeuliza watu elfu mbili wasionijua. Mimi niko hapa mita tatu, mbona hujaniuliza?" Kisha akarudi ndani. Nilifuta ile stori lakini si mnajua, ikishaonwa imeonwa.

Sasa leo ninaandika kwa ruhusa yake. Masharti ni mawili: nisitaje kampuni, nisitaje mshahara. Sawa.

Mtu akisikia una dada rubani anadhani nyinyi mnakula kuku kila siku. Nimewahi kuombwa elfu hamsini na jamaa tuliyesoma naye shule ya msingi, ati "mwambie Kapteni atusort." Tunaishi Kayole. Ndege zikipaa JKIA tunazisikia, lakini hatujawahi kuzipanda, ukimtoa yeye. Jina Kapteni tulimpa sisi wenyewe. Akiwa kidato cha pili alikata picha ya Irene Koki Mutungi kutoka gazetini, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner, akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Mathe akiwa anatafuta sahani anakutana na Kapteni. Basi jina likahamia kwa mwenye kubandika.

Kusomea urubani si kama kozi zingine. Hulipi karo ya muhula, unalipa saa. Kila saa ndege ikiwa hewani pesa inachomeka pamoja na mafuta, na ukifeli zoezi unalirudia kwa pesa yako. Hali ya hewa ikiharibika ukarudi bila kumaliza, hiyo pia ni pesa yako. Mathe anauza nafaka Kariobangi. Alikuwa na ploti Joska, alinunua kupitia chama, akalipa kidogo kidogo kwa miaka sita. Akaiuza. Akachukua mkopo wa sacco juu yake. Kisha ikaja korona, Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, shule yake ikafunga, na ilipofunguliwa ikabidi arudie saa kadhaa kwa sababu mkono ulikuwa umesahau. Jumla ilitukula milioni 2.4. Ninaijua hiyo namba vile wengine wanajua namba ya kitambulisho.

Na hapa ndipo mimi naingia. Mwaka wa 2022 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Dadangu alikuwa amebakisha saa thelathini na kitu apate leseni ya biashara. Pesa iliyokuwepo ilikuwa ya mmoja. Mathe alituketisha mezani, akasema, "Huyu akisimama sasa, zile zote tumetupa. Wewe ukisimama unaweza kurudi." Ilikuwa kweli. Nilisema sawa, nikasimama, na sijarudi hadi leo. Nyinyi mmenijua kama jamaa aliyeacha chuo kufuata ndoto zake. Niliacha chuo kwa sababu ya mafuta ya ndege. Ndoto niliitafuta baadaye ndio nisionekane mjinga.

Alipata leseni na saa kama 200 kwa kitabu chake. Mnajua vile matangazo ya kazi yanataka mtu wa miaka 22 mwenye uzoefu wa miaka 5? Urubani ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao huhesabu kwa saa. Ukiwa na 200 hakuna anayekutaka, na hakuna mahali pa kupata zingine bila kazi. Mwaka mzima alikuwa Wilson akisaidia ofisini bure, anapima mizigo, anapanga orodha za abiria, anawabebea watalii mabegi. Uwanja wenyewe umepewa jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Dadangu anasema kila akipita langoni alikuwa anamwambia huyo mama kimoyomoyo, nisaidie basi. Siku moja rubani msaidizi mmoja akaugua, akawekwa kiti cha kulia. Hapo ndipo alianza.

Kwa wasiojua: kiti cha kushoto ni cha kapteni, cha kulia ni cha msaidizi. Ameketi kulia kwa Cessna Caravan miaka miwili, Mara, Samburu, Lamu, Lodwar. Caravan ni kama pikapu ya angani. Injini moja, propela moja, inabeba watu kama kumi na wawili na mabegi yao, inatua kwenye murram ambako kabla hujashuka lazima upite chini kwanza ufukuze punda milia. Saa zake zikafika 1,100 na zaidi. Na ghafla, ndani ya wiki moja, barua mbili.

Barua ya kwanza: kapteni wa Caravan, Sudan Kusini, kituo Juba. Wiki sita kazini, wiki mbili nyumbani. Malipo kwa dola. Kiti cha kushoto.

Barua ya pili: rubani msaidizi wa Dash 8, ile ya abiria 50, injini mbili, hapa hapa Nairobi. Kiti cha kulia tena. Kampuni inalipia mafunzo ya hiyo ndege, lakini anawekewa bondi ya miaka mitatu, yaani akiondoka mapema anarudisha pesa ya mafunzo. Malipo kwa shilingi.

Mimi sikuhitaji hata dakika tano. Nilichukua kikokotoo. Deni la sacco limebaki 780,000. Kwa Juba, miezi minane limeisha. Miezi minne zaidi, karo yangu ya mwaka wa pili na wa tatu. Kwa Dash 8, deni linaisha baada ya miaka kama mitatu, na mimi nitaendelea kuedit video za harusi za watu. Nilimwandalia hotuba nzima. Nikamwambia utakuwa kapteni ukiwa na miaka 26. Nikamwambia saa za kuamuru ndege ndizo zenye thamani, kwamba kwa Dash utakaa kulia miaka na miaka ukingoja wazee wastaafu. Nikamwambia leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa, inataka saa 1,500, na Juba utazipata kabla mwaka uishe. Zote zilikuwa hoja za kweli. Nilizitoa mtandaoni usiku mmoja.

Lakini sikuwa natoa ushauri. Nilikuwa nadai, ila deni lenyewe nililiita ushauri wa kazi. Hata ile kura, angalieni nilivyoiandika. "Hatari kidogo." Nani aliniambia ni kidogo?

Mathe yeye alikataa Juba kabla sentensi iishe. Ana sababu yake. Juni 2018, Caravan iliyokuwa inatoka Kitale kuja Nairobi ilipotea kwenye wingu, ikapatikana imegonga milima ya Aberdare. Watu 10, hakuna aliyepona. Marubani wote wawili walikuwa wanawake. Mathe alifuata hiyo habari siku zote za kutafutwa, redio ikiwa juu ya gunia la ndengu, na wakati huo dadangu hata hakuwa ameanza kusoma. Halafu Januari 2025 ndege ikaanguka Sudan Kusini baada tu ya kupaa, watu 20 wakafa, mmoja akabaki. Hiyo haikuwa Caravan, lakini kwa mathe ndege ni ndege. Shida ni kwamba mathe ndiye jina lake liko kwa sacco. Kwa hivyo alikuwa anakataa na mdomo, na huku kila tarehe tano anahesabu noti mara mbili mezani. Hakuna aliyemwambia lolote.

Basi siku tatu baada ya kile kisanga cha kura, Kapteni akaniita. Akaweka mikataba yote miwili mezani na kalamu nyekundu. Akaniambia, "Wewe si unapenda hesabu. Kaa."

Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu, wenye namba. Yeye alikuwa amefika wa tisa.

Mkataba wa Juba mshahara wenyewe ulikuwa mdogo. Mdogo kuliko hata ule wa Nairobi. Kile kiwango kikubwa nilichokuwa napigia hesabu kilitokana na malipo ya kila saa unayoruka, ukikadiria unaruka saa 80 kwa mwezi. Hakukuwa na kiwango cha chini. Usiporuka, hulipwi. Akaniuliza kama najua udongo wa Joska. Najua, manze, nilikuwa naenda na mathe kuangalia ile ploti. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi unashika kiatu hadi unatoka na soksi. Akasema sehemu kubwa ya Sudan Kusini ni udongo wa aina hiyo, na mvua ni kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Viwanja vingi vya huko si lami, ni ardhi tu iliyosafishwa. Kwa hivyo nusu ya mwaka kila asubuhi kuna uamuzi mmoja: kimekauka au hakijakauka? Na anayeamua ni mtu ambaye hajalipwa hadi aseme kimekauka.

Nikamwambia lakini si wewe ndiye kapteni, unaweza kukataa.

Akacheka kidogo. Akasema hilo ndilo swali aliuliza kwenye mahojiano. Aliwauliza kwa heshima kabisa: nikikataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa au uwanja, siku hiyo inahesabiwaje? Waliokuwa upande wa pili wakaangaliana. Mmoja akamwambia, "Huku tunataka marubani wanaoruka." Wakaendelea na swali lingine.

Sijui niwaelezee vipi. Hakuna mtu alimtukana. Hakuna kitu ungeweza kumripoti mtu nacho. Lakini nilihisi tumbo limeshuka, kwa sababu nilikuwa nimeweka miezi minane kwenye kikokotoo, na sasa nikaona ile miezi minane imejengwa na saa 80, na zile saa 80 zimejengwa na asubuhi ambazo atakuwa peke yake kwenye hiyo pikapu anaangalia matope, na nyuma yake kuna 780,000, na mathe, na mimi na karo yangu. Tungekuwa tumepanda wote. Hata bima ya kubeba abiria kama sisi hakuna.

Sitaki mdhani kila kazi ya huko iko hivyo. Yeye mwenyewe ana marafiki wamefanya Juba miaka na wamerudi na nyumba na hadithi, na kuna kampuni zinazolipa mshahara kamili uruke usiruke. Hata aliwaomba waweke kiwango cha chini, saa 50 tu, angekubali kwenda. Walisema mkataba ni uleule kwa wote. Na huu wa Nairobi haukuwa asali. Alinionyesha. Kwanza, bondi. Aliipigia mstari, akaenda kuuliza kama inapungua kila mwezi anaofanya kazi au inakaa palepale miaka mitatu. Inapungua. Angepewa ile isiyopungua, angeondoka mwezi wa 35 na kudaiwa kana kwamba ameondoka wa kwanza, na kuna watu wamesaini hizo bila kuuliza, kwa furaha ya kuvaa shati jeupe. Pili, ukongwe. Kwa kampuni kama hiyo unapewa namba siku unayoingia. Hiyo namba ndiyo inaamua nani anakuwa kapteni kwanza, nani anapata Krismasi nyumbani, na kampuni ikipunguza watu, nani anaondoka kwanza. Aliyeingia mwisho ndiye hutoka mwanzo. Ukihamia kampuni nyingine unaanza nyuma ya foleni hata kama una saa elfu tano. Yeye atakuwa wa mwisho kwenye hiyo orodha. Ikija korona nyingine, kwaheri.

Tatu, na hii ndiyo ilimuuma zaidi, ni kwamba atakaa kulia. Tena. Alikuwa tayari kwa kushoto. Aliniambia hilo akiangalia meza, na nikakumbuka kwamba mimi na mathe tulikuwa tumebishana wiki nzima kuhusu pesa na kifo, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa kapteni. Alikuwa anataka sana. Alisema kuna siku akiwa Lodwar kapteni wake alimwachia kila kitu, kutoka kuwasha injini hadi kuzima, akakaa tu mikono mapajani, na yeye usiku huo hakulala kwa raha.

Nilimuuliza, sasa? Akasema, "Nachukua Dash. Lakini nataka usikie kutoka kwangu kwamba hiyo ni miaka mitatu yako pia."

Ningependa kuwaambia nilisema kitu kizuri. Nilisema, "Sawa," vilevile nilivyosema 2022, nikaenda kuzunguka hadi stendi ya Soweto nikanunua smokie mbili nikazila nikiwa nimesimama. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo kiasi. Mtu anaweza kuwa sahihi na bado akakugharimu, na kwetu kila akiwa sahihi ni mimi ninayelipa. Nilimwambia hivyo keshoye, kwa sauti, mathe akisikia. Hakujitetea. Aliingia chumbani akatoka na daftari ya kurasa 96, ile ya shule. Ndani alikuwa ameandika tangu 2022 kila muhula ambao sikusoma, na karo yake, na tarehe. Yote kwa kalamu ya bluu. Mimi nilikuwa nadhani mwenye hesabu kwa hii nyumba ni mimi.

Nimeona maoni yenu kwenye stori zingine, mnaniuliza ile kura iliishia wapi. Iliishia hapo. Wale mliosema "chukua pesa uende" siwalaumu, niliwapa swali lenye namba moja na nikaficha ukurasa wa tisa. Lakini kama una barua ya kazi kwa begi sahii, iwe ya ndege, ya duka ama ya zile ofisi za kupokea simu usiku, tafuta mahali imeandikwa unalipwaje siku ambayo kazi haikufanyika na si kosa lako. Kama haijaandikwa, uliza, halafu uangalie sura zao kabla hawajajibu.

Mathe ameenda sacco kuomba mkopo usambazwe kwa miezi zaidi. Wamekubali, riba imepanda kidogo. Kapteni amesema mshahara wa kwanza ukiingia atanilipia somo moja kila muhula, chuo kikikubali kunirudisha hivyo. Nimeandika barua, bado hawajajibu, na sina uhakika hata kama nitarudi kwa ile kozi. Labda nitaomba nyingine. Hiyo tutaongea siku nyingine.

Darasa lake linaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Viatu vyake vyeusi vya kazi vilikuwa vimeachana soli ya kushoto, vile vya Mara, murram imevimaliza. Nimevipeleka kwa fundi hapa stendi, akasema 350, nikamshusha hadi 300. Vinakauka gundi dirishani nikiandika hii.